Reli ndogo nyumbani: chagua stesheni kabla ya treni

Wengi wanaoniuliza jinsi ya kujenga reli ya mfano nyumbani huanza na treni: wanunue ipi? Mimi nawauliza kwanza, unataka kujenga stesheni gani, na treni ikifika pale inafanya kazi gani? TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia, ina kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi New Kapiri Mposhi. Ipunguze mara 87, kipimo kinachotumiwa sana duniani, bado utabaki na kilomita 21 za reli. Huna budi kuchagua kipande. Mimi nilichagua Mlimba, ambapo treni hujiandaa kupanda milima kuelekea Makumbako.

Stesheni ndiyo itakayokupa kipimo. Reli nyingi za dukani zina upana wa milimita 16.5 kati ya chuma na chuma, maana zimekusudiwa kuwakilisha reli ya milimita 1,435 kwa 1:87. TAZARA ni nyembamba, milimita 1,067. Lakini tumia reli hizohizo na ujenge kila kitu kwa 1:64, hesabu inakubali: 1,067 ukigawa kwa 64 unapata 16.7. Nachukua chesisi ya kichwa cha treni cha dukani, kisha bodi naitengeneza mwenyewe kwa plastiki nyembamba. Kazi hii ina raha yake, nami naipenda kuliko treni iliyokamilika ndani ya boksi. Anayependa Reli ya Kati ya zamani, ambayo ni ya mita moja, atafute reli za milimita 12 za kipimo cha 1:87.

Sasa kona. Behewa la mita 20 kwa 1:64 lina sentimita 31. Ili lipite bila kuvutana na wenzake, nusu kipenyo cha kona kiwe walau mara tatu ya urefu huo, yaani sentimita 93. Duara zima litakula karibu mita mbili za chumba! Ndiyo maana nashauri rafu ndefu ukutani, yenye upana wa nusu mita, na kazi ya treni iwe kuacha na kuchukua mabehewa. Ukijenga meza pana, usiweke pointi ya kubadilishia njia mbali zaidi ya sentimita 75 kutoka ukingoni; mkono hautaifikia.

Kwa wakazi wa pwani, plaiwudi ipakwe rangi pande zote, hata chini, kwa sababu unyevu huipinda na reli hufuata. Kila kipande cha reli kiunganishwe kwa lehemu na nyaya nene zinazopita chini ya meza. Usitegemee viungio vya reli peke yake kupitisha umeme wa treni.

Kokoto za kutandaza kwenye reli zisubiri. Endesha treni kwanza kwa siku kadhaa, mbele na nyuma, ukisukuma mabehewa matupu katika kila pointi. Gurudumu likiinuka mahali, piga tupa kiungio hicho au kilegeze na ukinyooshe. Kokoto zikishagandishwa kwa gundi, itabidi uzibomoe ndipo ukifikie.