Unafundishwa na nani?

Mhariri, mmeuliza wiki hii kama shahada ya sayansi ya kompyuta iliyosomwa mtandaoni ina uzito sawa na ya darasani. Swali limenichoma, maana hiyo ya mtandaoni ndiyo ninayoisoma: mama wa watoto wawili, mhasibu wa shule hapa Morogoro. Habari ya uzito wa cheti waulizwe TCU, Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, ndio wanaotambua tuzo za vyuo vya nje, na mtu aulize kabla hajalipa ada. Kusoma ukiwa mbali nako si kugeni kwetu. Chuo Kikuu Huria kilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1992, na waliosoma pale tunafanya nao kazi. Linaloniumiza kichwa ni jingine: unafundishwa na nani?

Tarehe 12 Mei 2024 mikongo ya baharini ya EASSy na Seacom ilikatika, intaneti ikawa ya kusuasua. Nilikuwa kwenye mada ya programu inayojiita yenyewe, yaani inayojituma tena kazi ile ile kwa namba ndogo zaidi. Video za mhadhiri nilishazirudia hadi nikazichoka, sishiki kitu. Sasa hata hizo hazifunguki. Nikabeba daftari nikaenda kwa jirani, mwalimu mstaafu wa hisabati, mzee asiyetumia kompyuta kabisa.

Nikamwambia, faktoria ya 5, yaani 5 mara 4 mara 3 mara 2 mara 1, ni 5 mara faktoria ya 4.

"Na hiyo ya 4?"

"Ni 4 mara ya 3, Mwalimu."

"Haya. Itajiita mpaka lini, mwanangu?"

Nikanyamaza. Akachana karatasi vipande, kila mwito akauandika kwenye kipande chake, akavipanga mkekani kimoja juu ya kingine: 5, 4, 3, 2, na juu kabisa 1. Akakigonga kile cha juu kwa kidole. "Huyu peke yake ana jibu mkononi. Wenzake wote wanamsubiri." Akaanza kuviondoa kutoka juu, kila kimoja akikiandika jibu lake: 1, 2, 6, 24, na cha chini kabisa 120. Mkewe alileta chai, ikapoa. Tukarudia kwa 6. Kisha akavichanganya vipande vyote, akataka nimfundishe yeye, na kila nilipoparamia hatua alinirudisha nyuma.

Nimeanza kuandika nikitaka kusema shahada hizi ni sawa kabisa. Sasa nasita. Masomo ni yale yale: algorithimu, hifadhidata, mifumo endeshi. University of London wanaitoa mtandaoni tangu 2019, na CS50, kozi ya utangulizi wa kompyuta ya Harvard, mtu anaisoma bure. Ila darasani wa kukuuliza "mpaka lini" yupo benchi la pili. Huku mtandaoni umtafute mwenyewe, na si kila mtaa una Mwalimu.

Kwa hiyo kijana aliyemaliza kidato cha sita, amepata nafasi na mkopo wa bodi, namshauri aende chuoni akakae na wenzake. Mtu mzima mwenye kazi na familia asome mtandaoni, inalipa, mradi ana bando la uhakika na mtu mmoja wa kukaa naye kwenye daftari. Na waajiri, kabla hamjaangalia cheti kimetoka wapi, mpeni mwombaji kalamu na karatasi awaeleze faktoria ya 5, wa darasani na wa mtandaoni vilevile.