Hesabu Deni la Bodi Kabla Hujasaini Mkataba wa Ajira

Mhitimu wa chuo kikuu cha umma akipata ajira, ndugu humuuliza analipwa kiasi gani, naye hutaja mshahara wa msingi. Kwa sisi tuliosomeshwa na Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, jibu hilo halijakamilika. Tangu sheria iliporekebishwa mwaka 2016, mnufaika aliyeajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara wake wa msingi, badala ya asilimia 8 ya awali.

Tuchukue mtumishi wa umma mwenye mshahara wa msingi wa shilingi 800,000. Mfuko wa hifadhi ya jamii huchukua 40,000, bima ya afya 24,000, kodi ya mapato 68,000, na Bodi 120,000. Zinabaki 548,000, kabla hajalipa ada ya chama cha wafanyakazi, kodi ya nyumba wala nauli. Kama alikopeshwa shilingi milioni 10, makato hayo yatamfuata kwa karibu miaka saba. Hiyo ndiyo hesabu ya kufanya kabla ya kusaini mkataba, hasa unapolinganisha kazi mbili zilizo katika miji tofauti.

Hata hivyo, wanaoanza kulipa leo wana nafuu ambayo sisi wa zamani hatukuwa nayo. Hadi katikati ya mwaka 2021 deni liliongezewa kila mwaka tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo. Kwa milioni 10 hiyo ni shilingi 600,000 kwa mwaka, wakati makato ya asilimia 8 yaliyokuwapo kabla ya marekebisho ya 2016, kwenye mshahara tuliousema, yangefikia 768,000 tu kwa mwaka. Mtu alilipa mwaka mzima na deni likapungua kwa 168,000. Sasa kila shilingi unayokatwa inapunguza deni lenyewe, na kwa maoni yangu hiyo ni sababu tosha ya kutokwepa.

Ushauri wangu wa kwanza ni kutokimbilia mkopo wa benki katika miaka ya mwanzo. Maofisa mikopo hufika ofisini mapema sana, wakiwa na fomu mkononi, na hupiga hesabu wakizingatia tu kwamba ubaki na theluthi moja ya mshahara. Theluthi hiyo haikulishi wewe na wanaokutegemea.

La pili, tunza kila hati ya mshahara. Mwajiri wangu wa kwanza alikuwa akinikata, hati ikionyesha hivyo waziwazi, lakini nilipoomba taarifa ya deni nikakuta miezi kadhaa haijawasilishwa. Nakala za hati zile, zikiambatana na barua kwa mhasibu, ndizo zilizofanya fedha zifike. Kwa hiyo omba taarifa ya deni angalau mara moja kwa mwaka, uilinganishe na hati zako mwezi kwa mwezi. Aliyejiajiri asisubiri ajira rasmi: aombe namba ya kumbukumbu ya malipo, alipe kwa simu, na atunze risiti.