Kilio cha mtoto mchanga: maswali ya wazazi wa kanda ya ziwa

Mwanangu ana wiki 5. Kila jioni kuanzia saa 12 analia hadi saa 3 usiku, anakunja miguu, uso unaiva. Mama mkwe anasema ni mchango wa tumbo, tumpe dawa ya mizizi. (Igoma)

Usimpe. Kilio cha jioni huanza kwenye wiki ya 2 au ya 3, hupamba moto wiki ya 6, kisha hupungua chenyewe mtoto anapofika miezi 3 hadi 4. Kama ananyonya vizuri, anaongezeka uzito kliniki, hana homa na anakojoa angalau mara 6 kwa siku, huo si ugonjwa. Kukunja miguu utakuona kwa mtoto yeyote anayelia kwa nguvu, na hewa nyingi tumboni huingia wakati huohuo wa kulia.

Dawa ya mizizi haina kipimo, figo na ini lake bado ni changa, na maji yaliyotumika yanaweza kumharisha. Tumbo likijaa dawa, maziwa yanakosa nafasi. Hadi miezi 6 hahitaji hata maji matupu.

Jioni hiyo fanya hivi. Mvue nguo zote umkague: unywele au uzi uliojizungusha kwenye kidole cha mguu, shanga za kiunoni zinazobana, nepi iliyolowa, vipele mapajani. Mnyonyeshe, mdomo ukishika sehemu nyeusi ya ziwa, si chuchu peke yake. Akishika chuchu tu anameza hewa na maziwa hayatoki vizuri. Mcheulishe akiwa wima begani kwa dakika 10. Akiendelea kulia, mlaze kifuani ngozi kwa ngozi, jifunike khanga moja, tembea taratibu huku ukimtolea sauti ya "shhh" karibu na sikio. Wengi hukosea hapa: wanabembeleza dakika 1, wanambadilisha mkono, wanampa mwingine, wanarudi kunyonyesha, na mtoto anazidi kuchanganyikiwa. Shika njia moja kwa dakika 5 hadi 10 kabla ya kuibadili.

Mama mkwe naye ana nafasi yake: mpe mjukuu ambebe nusu saa, wewe ule na upumzike.

Tunaishi Mabatini, nyumba ya bati huku juu kwenye mawe. Mchana analia, usiku ametulia. Kwa nini?

Joto. Gusa kifua au shingo kwa nyuma, si viganja. Pakiwa pamoto na pana jasho, vua kofia, soksi na blanketi. Nguo moja nyepesi inatosha. Mtoe nje kivulini na umnyonyeshe mara nyingi zaidi.

Ana miezi 4, analia na kutafuna vidole. Jirani anasema ni meno ya plastiki, yang'olewe. (Buswelu)

Tafadhali, msiruhusu mtu yeyote amguse fizi. Meno ya plastiki hayapo. Vile vivimbe vyeupe ni vichipukizi vya meno ya kawaida ambayo muda wake wa kutoka haujafika. Anayeving'oa kwa msumari au kisu huacha kidonda, damu humwagika, na pepopunda au VVU vinaweza kuingia. Hata meno ya ukubwani huweza kuharibika. Ilivyo, mtoto anayedhaniwa kuwa na meno hayo mara nyingi ana homa au anaharisha, na hicho ndicho cha kutibiwa zahanati. Kutafuna vidole katika umri huo ni kawaida.

Mke wangu akiwa mwaloni, kwenye soko la samaki, nabaki na mtoto. Akilia sana napandwa na hasira hadi natamani kumtikisa. (Kirumba)

Baba, umefanya vema kuuliza. Hasira ikipanda, mlaze chali kitandani ndani ya chandarua, mahali asipoweza kuanguka, toka nje kwa dakika 5 hadi 10, au mwite jirani akupokee. Usimtikise hata mara moja: kichwa chake ni kizito, shingo haijakaza, na mishipa ya damu ya ubongo hukatika. Mtoto huweza kupofuka au kufa. Ukitulia, mlaze kifudifudi juu ya mkono wako, kichwa karibu na kiwiko, umpapase mgongo. Watoto wengi hunyamaza hivyo. Kama ana njaa, mama aache maziwa aliyokamua kwenye kikombe safi chenye mfuniko, umnyweshe taratibu kwa kikombe akiwa amekaa wima.

Tuko kisiwani Ukerewe. Ni kilio gani hakingoji asubuhi?

Kilio kinachoambatana na mojawapo ya haya: joto la nyuzi 37.5 au zaidi kwa mtoto wa chini ya miezi 2, kukataa kunyonya, degedege, kutapika kijani, damu kwenye choo, utosi kuvimba, kuhema mara 60 au zaidi kwa dakika (hesabu dakika nzima, akiwa ametulia). Kilio chembamba au cha kukoroma nacho ni hatari, hata kama ni cha chini. Msisubiri meli ya kwenda mjini. Nendeni zahanati au kituo cha afya kilicho karibu, apewe dozi ya kwanza ya dawa huko kabla ya rufaa, na njiani mama ambebe ngozi kwa ngozi akiendelea kumnyonyesha kama anaweza.