Jibu: Dodoso la mpangilio wa fikra, karibu kila mtu anapata alama za juu

Habari mkuu. Nimekuelewa: umetafsiri dodoso la kupima fikra zisizo na mpangilio, umeligawa Temeke kwa watu wa kawaida, na karibu wote wamejibu ndiyo. Usiguse takwimu kwanza. Anza na neno "mawazo".

Mimi nilikwama hapohapo. Swali langu lilisema "Mawazo yangu huvurugika mara kwa mara". Mama lishe mmoja wa Buguruni akatua sufuria, akaniambia: "Mwanangu, nani hana mawazo, na kodi ya miezi sita inadaiwa?" Kwetu kuwa na mawazo ni kuwa na dhiki moyoni. "Kuchanganyikiwa" nako kuna shida yake, wengine wanasikia uchizi. Nikaandika upya: "Nikianza kueleza jambo, hupoteza nilikokuwa naelekea." Kabla hujagawa tena, kaa na watu watano au sita, waulize kila swali wamelielewaje.

Halafu, umetumia dodoso gani? Lile la mtafiti Raine la 1991, linalopima aina nyingi za fikra na mwenendo usio wa kawaida, lina maswali 74, na ya usemi wa ajabu ni machache tu. Ukijumlisha yote, hupimi fikra zisizo na mpangilio peke yake. La Kwapil na wenzake la 2018 lina maswali 25 ya eneo hili.

Ongeza kipimo cha wasiwasi na huzuni, uone alama zinapanda pamoja kiasi gani; zikipanda pamoja sana, huenda maswali yako yanapima dhiki tu. Na warekodi wachache, kwa ridhaa yao, wakikuelekeza njia ya Mbagala hadi Posta, maana anayepotea katikati ya maneno huenda asijione mwenyewe.

Bandika hapa maswali yako matano ya kwanza tuyapitie.