Kwa nini shamba bora karibu na mji ndilo linalotangulia kukatwa viwanja?

SWALI: Nasoma mipango miji. Tunafundishwa kwamba shamba lililo karibu na soko hulipa kuliko la mbali, kwa kuwa usafirishaji ni nafuu. Mbona basi ndilo linalomezwa na mji kwanza? Tija ikiongezeka, kwa mbegu bora na umwagiliaji, haliwezi kushindana na nyumba?

JIBU: Ulichofundishwa ni sahihi, tena ni cha zamani. Mchumi wa Kijerumani Johann Heinrich von Thünen alieleza mwaka 1826 kwamba mboga na maziwa, vinavyoharibika upesi, hukaa karibu na mji, na nafaka na mifugo husogea mbali. Ila mji wa mfano wake ulikuwa hautanuki. Miaka ya 1960 wachumi kama William Alonso waliingiza nyumba na ofisi kwenye ushindani huohuo wa ardhi, na hapo ndipo mkulima anapozidiwa.

Tupige hesabu ya mfano. Hekta moja inamwachia mwenyewe faida ya 1,000 kwa mwaka. Kwa riba ya asilimia 5, thamani yake kama shamba ni 20,000, yaani fedha ambazo zingezaa 1,000 hiyohiyo kila mwaka. Mjenzi anakata humo viwanja 15, kila kimoja anauza 20,000, jumla 300,000. Upimaji, barabara na maji vikila 150,000, anaweza kumlipa mkulima 120,000 na bado akabaki na 30,000. Sasa faida ya kilimo iongezeke mara tatu: shamba linafika 60,000, nusu tu ya bei ya mjenzi. Kwa hiyo hapana, tija peke yake haiokoi shamba.

Na uchumi unavyokua pengo linazidi. Kipato kikiongezeka maradufu watu hawali maradufu, lakini hutaka vyumba zaidi, ua na mahali pa kuegesha gari. Barabara ya lami nayo huwawezesha kuishi mbali na kazini. Ndiyo maana katika nchi nyingi eneo la miji hutanuka kwa kasi kuliko idadi ya wakazi.

Jambo ambalo wapangaji wengi hulisahau ni kwamba shamba huanza kufa kabla tofali la kwanza halijafika. Mmiliki anayesubiri mnunuzi hapandi miti ya matunda wala hazibui mifereji. Analikodisha kwa msimu mmoja mmoja, na aliyelikodi haweki samadi ambayo faida yake itaonekana baada ya miaka mitatu. Majirani wakiuza vipande vipande, trekta inakosa pa kugeukia, na muuza pembejeo anafunga duka kwa kukosa wateja. Ramani ya setilaiti inayohesabu mapaa haioni lolote kati ya hayo.

Ubora wa udongo pia unaumiza. Miji mingi ilianzia kwenye mabonde ya mito, penye rutuba, na tambarare ni rahisi kujengwa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017 ulikadiria kwamba kufikia 2030 miji ingechukua asilimia 1.8 hadi 2.4 ya mashamba ya dunia, lakini mashamba hayo yana tija karibu mara 1.8 ya wastani wa dunia. Misri ndiyo mfano mkali: ardhi ya kilimo ni takriban asilimia 4 tu ya nchi, na Cairo imekaa juu ya sehemu yake iliyo bora.

Kinachosaidia ni kuvunja matarajio ya kuuza. British Columbia, nchini Kanada, ilitenga hifadhi ya ardhi ya kilimo mwaka 1973, na kubadili matumizi humo kunahitaji kibali cha tume maalumu. Lakini ukizuia pembezoni bila kuruhusu maghorofa ndani ya mji, nyumba huruka zuio na kuota ng'ambo yake, kama ilivyotokea kwenye ukanda wa kijani wa London, eneo linalouzunguka mji ambako ujenzi unazuiwa. China nayo imeweka kikomo cha hekta milioni 120 zisizopaswa kupungua, ila kufidia bonde lililojengwa kwa kulima mteremko wa mbali hutimiza hekta, si magunia.

Kwa kazi yako ya uwandani, gawanya bei ya kuuzia shamba kwa faida yake ya mwaka. Kwa riba niliyotumia, jibu likiwa karibu na 20, hapo bado pananunuliwa kwa ajili ya kulima. Likifika 100, anayenunua hafikirii mavuno tena, hata kama mahindi bado yamesimama.