Kwenda Yunnan Kula Uyoga: Fuata Mvua, Usifuate Wakala

Msomaji mmoja wa Mwanza ameniandikia: "Dada, nimeona picha zako za Yunnan, ule mkoa wa kusini-magharibi mwa China. Na mimi nataka kuwapeleka watu China wakale, si kufuata mizigo tu. Nianzie wapi?" Ujumbe wake umenikuta nimetoka kuwarudisha wageni wangu Guangzhou kutoka Yunnan, wafanyabiashara wa Kitanzania na Kikenya, wote wameshiba na wote wazima. Nasema hivyo kwa kujivunia, maana wapo walioapa kwamba safari ile haiwezekani.

Nilipokuwa naiandaa nilimwomba wakala mmoja anipangie ratiba ya vyakula vya Yunnan. Akaniletea kuku wa kukaanga na chipsi kila mji, na chini yake ameandika kwamba Waafrika hawali uyoga wala vitu vya porini. Iliniuma, na bado inaniuma. Mimi ni mtoto wa Tabora. Mvua za kwanza zikishanyesha, bibi alitutoa kitandani alfajiri tuwahi vichuguuni kabla ya watoto wa jirani. Uyoga ule ulipikwa kwa karanga, ukaliwa na ugali, na siku hiyo hakuna aliyeulizia nyama. Leo mtu aniambie uyoga hatuujui?

Kwa hiyo nilipoingia soko la uyoga la Mushuihua, mjini Kunming, nilijiona nipo nyumbani. Akina mama wamekaa nyuma ya vikapu, udongo mwekundu bado umeshika mashina, na kati ya aina zote zile nikauona wa kwetu. Wenyeji wanauita jizong. Wataalamu wanauweka kwenye jenasi ya Termitomyces, ileile ya uyoga wetu wa vichuguuni, kwa sababu mchwa wa Afrika na wa Asia wana ufundi mmoja: hukusanya majani na miti mikavu, hulima kuvu ndani ya kichuguu, na mvua ikija kuvu huchomoza juu. Huwezi kuulima bandani kama uyoga mamama. Wayunnan huuchana kwa mkono, hukaanga polepole kwenye mafuta mengi pamoja na pilipili kavu na huajiao, ile punje inayotia ganzi ulimi, mpaka maji yote yaishe. Kisha huuhifadhi kwenye mafuta yaleyale, na kijiko kimoja kinatosha kuamsha bakuli la tambi. Mgeni wangu mmoja, mzee wa Kigoma, alionja akasema, "Huu wametuibia!" Akanunua chupa kadhaa.

Sasa ushauri wenyewe. Fuata mvua. Wengi wetu tunakwenda China kwa maonyesho ya biashara ya Guangzhou, Aprili na Oktoba. Aprili uyoga wa porini bado haujaanza, Oktoba unakuta mabaki. Msimu huanza Juni, na kilele chake ni Julai na Agosti. Ukisikia imenyesha siku mbili tatu mfululizo kisha jua likatoka, kaa karibu na soko. Habari za viza na tiketi sitazieleza, mnazijua.

Njia niliyoipitisha ni hii: Guangzhou hadi Kunming kwa treni ya mwendo kasi, kisha Nanhua, katika eneo la Chuxiong la watu wa kabila la Wayi, ambako uyoga ndio maisha ya watu, kisha Dali, kisha juu kabisa Shangri-La, mji ulioitwa Zhongdian hadi 2001. Huko mko zaidi ya mita 3,000 juu ya usawa wa bahari, chukueni masweta. Ndiko unakotoka songrong, uyoga ambao Wajapani wanauita matsutake na kuununua kwa bei kubwa, hasa ukiwa kofia yake haijafunguka. Watibeti wa pale wanaukata vipande vyembamba na kuuchoma kwa siagi ya yak, ng'ombe wa manyoya marefu wa milimani, na chumvi kidogo. Usikubali mpishi auzamishe kwenye mchuzi wa soya, utapoteza harufu yote uliyoilipia.

Usiishie kwenye uyoga pekee. Mjini Jianshui wanafinyanga chungu chenye bomba katikati: kuku anawekwa mkavu bila tone la maji, mvuke unapanda kwenye bomba, unagonga kifuniko na kudondoka, na saa kadhaa baadaye una supu safi ambayo hakuna aliyeimimina. Dali, Wabai, kabila la huko, wanakaanga jibini la maziwa ya mbuzi. Wasiokula nguruwe wawe makini, kwa sababu uyoga mara nyingi hukaangwa kwa mafuta yake au huvukizwa pamoja na paja lake lililokaushwa la Xuanwei, nalo halionekani kwa macho. Tafuteni migahawa ya Waislamu wa Kihui, ipo mingi. Yunnan ndiko alikozaliwa Zheng He, Mhui, mwaka 1371 pale Kunyang kando ya ziwa Dian, ambaye meli zake zilifika pwani yetu. Twiga wa Malindi alifika China mwaka 1415. Wageni wangu wa Mombasa nilipowasimulia haya wakiwa mezani, kwenye mkoa wake, walisahau kabisa kwamba walikuwa wanalalamikia pilipili.

Hapa naomba mnisikilize kama ninavyosikilizwa na watu wangu safarini. Kuna uyoga unaitwa jianshouqing, ukiugusa au kuukata unageuka bluu. Ni mtamu ajabu. Usipoiva sawasawa, mlaji huanza kuona vijitu vidogo vikicheza ukutani, na wengine hulazwa. Mitandaoni vijana wanaufanyia mzaha. Ndugu zangu, sumu haina mzaha. Yunnan hiyohiyo kuna uyoga mdogo mweupe uliohusishwa na vifo vya ghafla vya watu takribani 400 kwa miaka kama 30, mpaka watafiti walipoutambua. Kwa hiyo msiokote wenyewe, hata kama mlizaliwa msituni kama mimi. Msile mchanganyiko msioujua. Msinywe pombe na uyoga. Na msidanganywe na hadithi ya kitunguu saumu kubadilika rangi kwenye sufuria, hakipimi sumu yoyote.

Kwenye mgahawa mzuri wa Kunming, chungu kikiwekwa mezani mhudumu anawasha saa na vijiti haleti mpaka muda uishe. Anachota na mchuzi kidogo kwenye kichupa anauweka, mtu akiugua wajue alikula nini. Mgeni wangu mmoja alikasirika kwa kusubirishwa. Nilimwambia wazi kwamba anayeona dakika 20 ni nyingi mbele ya uyoga wa porini asisafiri na mimi. Wanaoishi na kitu vizazi na vizazi wana kanuni zao, na mgeni mwenye adabu anazifuata. Hata bibi yangu alikuwa na zake, na hatukuwahi kumbishia.

Kwa dada wa Mwanza: wakala mtumie kwa treni na vyumba tu, chakula kipange mwenyewe baada ya kuzungumza na wauzaji sokoni, ukiwa na mkalimani wa Yunnan na si wa Guangzhou. Na ufuate mvua, narudia. Kama unalenga Julai, shika vyumba vya Dali na Shangri-La mapema sana, kwa sababu shule za China zinafungwa wakati huohuo na familia zinajaza kila kitu hadi mwisho wa Agosti. Kunming vyumba havisumbui.