Koili Haina Rota: Nyaya za Plagi na Zamu za Silinda

SWALI: Nimebadilisha koili (kifaa kinachokuza umeme wa betri ili plagi zirushe cheche) ya injini yangu ya silinda nne; koili hiyo ni kasha moja lenye midomo minne ya kuchomekea nyaya. Mpangilio wa kuwaka, yaani zamu za silinda kuwaka, ni 1-3-4-2, nami nikachomeka nyaya za plagi kwa kufuata namba hizo kuanzia kushoto. Injini inawaka, lakini inatetemeka, haina nguvu, na inalipua kwenye njia ya hewa. Fundi anasema nihamishehamishe nyaya mpaka itulie. Je, koili mpya ni mbovu?

JIBU: Yaelekea koili yako ni nzima. Ulichofanya kingefaa kwenye distributa, kifaa cha kugawa umeme ambamo rota huzunguka na kupeleka umeme mdomo mmoja baada ya mwingine, hata nyaya zikalazimika kufuata zamu za silinda. Kwenye kasha la koili hakuna kinachozunguka. Zamu anazijua kompyuta wa injini peke yake, kwa kusoma sensa ya krankishafti (mhimili unaozungushwa na pistoni), na kosa la kuzitafuta kwenye mpangilio wa midomo naletewa mara nyingi mno.

Ndani ya kasha hilo mna koili mbili, na kila moja hurusha cheche kwenye plagi mbili kwa mpigo. Katika injini yako pistoni ya 1 na ya 4 hupanda na kushuka pamoja, na ya 2 na ya 3 vivyo hivyo. Moja ya jozi inapomaliza kubana mchanganyiko, mwenzake anamaliza kutoa moshi, na cheche yake hupotea bila madhara. Ikiwa midomo miwili ya kushoto ni ya koili moja, basi umefunga 1 pamoja na 3, na 4 pamoja na 2. Silinda mbili zinafanya kazi, na mbili zinapata cheche pistoni ikiwa chini, vali ya kuingizia ikiwa bado wazi. Huo ndio mlipuko unaousikia.

Chomoa nyaya, weka mita ya umeme kwenye omu (kipimo cha ukinzani), upime midomo miwili miwili: ile ya koili moja husoma kilo-omu kadhaa, ya koili tofauti haisomi kitu. (Makasha yenye dayodi ndani, yaani vipande vinavyopitisha umeme upande mmoja tu, huenda yasisome hivyo, hayo yanahitaji mchoro wa mtengenezaji.) Mchoro huohuo ndio utakaokuambia koili ipi ni ya 1 na 4, kwa sababu ukizigeuza jozi zote mbili, hakuna silinda itakayowaka. Ndani ya jozi, waya upi uende mdomo upi hakuna tofauti, na hata ukihesabu silinda kuanzia upande usio wake, jozi hazibadiliki.

Sasa huyo fundi. Nyaya nne zaweza kupangwa kwa namna 24, na 4 tu ndizo sahihi. Anayebahatisha akaipata mojawapo huamini amegundua siri, akaikariri na kuipeleka kwenye injini nyingine ambayo midomo ya kasha lake imepangwa vingine. Wakati anabahatisha, petroli isiyoungua inaingia kwenye katalisti (kisafisha moshi kilicho kwenye ekzosi), inaunguzwa humo, na joto lake laweza kuyeyusha kauri ya ndani. Mbaya zaidi ni kuchomoa waya injini ikiwa inanguruma ili kusikiliza silinda ipi inamisi, yaani haiwaki: umeme wa maelfu ya volti ukikosa plagi hutafuta njia kwingine, pengine kwa kutoboa kihami cha koili yenyewe, na koili iliyokuwa nzima ikawa mbovu kweli.

Watu hawahawa wameuhamishia mchezo huu kwenye injini ambazo kila plagi imekaliwa na koili yake. Huko kubadilishana soketi (vichomeko vya nyaya zinazotoka kwa kompyuta) za 1 na 4 kuna madhara pale kompyuta anaporusha cheche moja tu kwa zamu: cheche inaangukia mwisho wa kutoa moshi, nyuzi 360 (mzunguko mmoja mzima wa krankishafti) nje ya wakati wake, na silinda zote mbili zinakufa. Wanaothubutu kuhamisha nyaya ndani ya soketi wanaweza kupeleka umeme wa betri kwenye waya wa ishara, ule ambao kompyuta huamrishia koili, na hapo kinachoungua ni kompyuta.